Msiba bila matanga: ginsi ya kutunza uchungu wa mtu aliyehama inchi yake



Katika namba hii tunataka kuzungumza juu ya jambo linaloingia katika nyumba mingi za kwetu, lakini watu wanalisema kwa sauti ya chini. Leo ni vigumu kupata jamaa ambayo haina mtu aliyetoka. Mmoja yuko Brussels, mwingine Paris, mwingine Marekani, mwingine amekwama katika kambi ya wakimbizi huko Uganda. Wanatutumia picha. Tunaona koti nzito, theluji, gari nzuri nyuma yao (la nani, hatuulizi), na tunasema: "Huyo shida zake zimekwisha." Kisha habari zinabadilika. Tunasikia kwamba ndugu huyo haoni tena usingizi, kichwa kinamuuma kila siku, analia bila mtu kumpiga, simu hapokei. Wamempima damu, wamempima tumbo, wanganga hawakuona kitu. Hapo njo maneno yanaanza. Huyu anasema amerogwa na watu wa kijijini wenye wivu. Yule anasema ni mapepo. Wa tatu anasema ni uvivu tu, Ulaya imemharibu.

Sisi wa gazeti tumetafuta maana ya jambo hili katika vitabu na kwa watu wanaolijua, na neno la kwanza tunalopashwa kuwaambia ni hili: mara mingi mtu huyo hana kichaa. Yuko na msiba, na hakuna aliyekuja kukaa matanga naye.

Jambo lenyewe si la leo. Mwaka 1688 kijana mmoja wa Uswisi, Johannes Hofer, alikuwa akimaliza masomo yake ya uganga katika mji wa Basel. Aliandika kitabu juu ya ugonjwa wa watu walio mbali na kwao, akaunga maneno mawili ya Kiyunani, moja la kurudi nyumbani na moja la maumivu, akapata "nostalgia", neno ambalo Kifaransa kinalitumia mpaka leo. Katika kitabu hicho anaeleza habari ya mwanafunzi aliyetoka Berne kuja kusoma Basel. Alikonda, akashikwa na homa, moyo ukamdunda, watu wakafikiri anakufa. Walipoamua kumrudisha kwao, alianza kupata nguvu njiani, mbele hajafika. Na kutoka Basel mpaka Berne ni kama kilometa 100 tu! Wenzetu wa internati watafahamu haraka, zaidi wale wa mwaka wa kwanza katika majuma ya Septemba.

Dawa ya Hofer, basi, ilikuwa kurudi nyumbani. Lakini dawa hiyo inafaa mtu ambaye nyumbani pangali pako. Mkimbizi amekimbia kwa sababu nyumba iliungua. Aliyeingia Ulaya bila karatasi akitoka hataweza kuingia tena. Na kuko yule ambaye jamaa iliuzisha shamba na ng'ombe ili apate feza ya safari: huyo anaogopa kurudi mikono mitupu kupita anavyoogopa baridi. Kwa watu hawa ilipashwa kutafutwa dawa nyingine, na dawa hiyo inaitwa terapia. Maana yake ni kutunza roho ya mtu kwa mazungumzo yenye utaratibu, pamoja na mtu aliyefundishwa kusikiliza. Pengine wanaongeza vidonge, pengine hapana.

Katika mji wa Barcelona, Hispania, munganga wa akili anayeitwa Joseba Achotegui alianzisha mwaka 1994 huduma ya wahamiaji na wakimbizi katika hospitali ya Sant Pere Claver. Aliwaona watu waliovuka jangwa na bahari, wenye nguvu, ambao sasa walikuwa wakilia, hawalali, wanaumwa kichwa, wamechoka bila kutumika. Wanganga wengine walikuwa wakiwaandikia kwamba ni wagonjwa wa akili; wengine waliwarudisha nyumbani wakisema hawana kitu. Achotegui aliona kwamba pande zote mbili zimekosa. Mwaka 2002 aliupa uchungu huo jina la Ulysses, yule mfalme wa hadithi ya kale ya Wayunani aliyekaa miaka 20 mbali na kwao, shujaa wa vita ambaye hadithi inamuonyesha ameketi ukingoni mwa bahari akilia. Tunaona jina hilo limechaguliwa vizuri. Linamwambia mgonjwa kwamba hata mashujaa wanalia, na kwamba kulia kwake si alama ya kichwa kilichoharibika.

Achotegui anafananisha kuhama na kufiwa, lakini anaonyesha tofauti moja kubwa. Mtu akikufa, tunamzika. Watu wanakuja, wanalala chini siku kadhaa, wanakula pamoja, wanaimba, kisha kila mtu anajua kwamba jambo limefika mwisho wake. Inchi, yenyewe, haikufa. Iko pale. Ndege inaenda kila juma. Mama anapiga simu Jumapili, na sauti yake inafungua kidonda kilichokuwa kinataka kukauka. Kwa hiyo msiba wa mhamiaji unarudi-rudi, na hauna siku ya kuondoa matanga.

Tena hakupoteza kitu kimoja. Munganga huyo anahesabu vitu saba: jamaa na marafiki, lugha, desturi, ardhi ya kwao, cheo, watu wa kabila lake, na usalama wa mwili. Hatutavieleza vyote, viwili ao vitatu vinatosha.

Tuchukue cheo. Hapa kwetu tunaipigania diploma ya Leta kwa jasho, na sherehe yake mnaijua, na unga unaomwagwa kichwani. Mtu anafika Ulaya ao Marekani na diploma hiyo, hata na ile ya infirmie ao ya mwalimu, wanamwambia haitambulikani, arudie masomo. Wakati anangoja, anafagia maofisi usiku. Kazi ya kufagia si haya. Lakini mtu huyu kwao walikuwa wanamwamkia "Mwalimu" mbele hajafika mlangoni, na sasa watu wanaruka ndoo yake bila kumwona. Hasemi habari hii kwa simu. Anasema tu: "Ninatumika." Sisi tunasikia feza.

Tuchukue lugha. Mtu mkubwa anayejua kusema barazani, anayejua mezali na kuchekesha watu, akifika mahali pa Kiingereza anakuwa mtoto. Anaweza kuomba mkate na kuuliza bei, basi. Uchungu wake hauna maneno katika lugha ile. Anajaribu kumwambia munganga kwamba moyo "unamutoka", kwamba kichwa "kinawaka", na munganga anaandika: moyo, kichwa, apimwe. Wanampima. Hakuna kitu.

Ardhi ni kitu ambacho watu wanakicheka, lakini si mchezo. Kule Brussels, mwezi wa Desemba, jua linaingia mbele ya saa kumi na moja ya jioni. Mtu anatoka nyumbani giza, anarudi giza. Hakuna mtu anayeketi inje. Bugali na sombe vinapatikana katika kartie ya Matonge, ndiyo, lakini kwa bei yake. Na sambaza kavu zinazosafiri katika valizi si sambaza za asubuhi kutoka ziwani.

Sasa ginsi ya kuponyesha. Kule Barcelona kitu cha kwanza kilikuwa kumweleza mtu mwenyewe kitu kinachompata: haukurogwa, hauna kichaa, umebeba mizigo mingi kwa mara moja. Wanasema neno hili peke yake linampunguzia wengi woga. Kisha waliangalia ni mzigo gani unaweza kutuliwa. Achotegui anataja mambo manne yanayozidisha msiba: kutenganishwa kwa nguvu na jamaa, zaidi watoto, kukosa karatasi na kazi mpaka mtu haoni njia mbele, kupigania chakula na mahali pa kulala, na woga wa polisi, wa kufukuzwa, wa wale wanaouza watu. Mtaona kwamba hakuna kidonge kinachotunza mambo hayo. Kwa hiyo terapia nzuri ya mhamiaji ni lazima ishikane mkono na mtu wa sheria, mtu wa nyumba, mtu wa kazi. Munganga anayempa dawa ya usingizi mtu anayelala chini ya daraja amefanya kazi nusu.

Huko Ufaransa walifuata njia nyingine, na hii tunaipenda zaidi kuieleza kwa sababu inatukaribia. Tobie Nathan, aliyezaliwa Cairo mwaka 1948 na kutoka Misri akiwa mtoto, alifungua mwaka 1979 mahali pa kutunza wahamiaji katika hospitali ya Avicenne, mjini Bobigny, karibu na Paris. Kwa desturi ya wazungu mgonjwa wa roho anaingia peke yake katika chumba, mlango unafungwa, anaongea na munganga mmoja. Fikirini mama wa kijijini katika chumba kile! Kwao mambo makubwa hayaamuliwi na watu wawili waliojifungia. Nathan aliketisha watu katika duara: mgonjwa na jamaa yake, wanganga wengi wenye asili za inchi mbalimbali, na mtu anayejua lugha na desturi za mgonjwa. Mgonjwa anasema kwa lugha yake. Wanamuuliza ulizo ambalo hakuna aliyemuuliza hospitalini: "Kwenu, wazee wangesema nini juu ya ugonjwa huu?"

Pengine mtauliza: je, wanganga hao wanaamini urogi? Si hivyo. Wanajua kwamba mtu akificha wazo lake kubwa kwa haya, mazungumzo yote yanazunguka inje ya nyumba. Akilitoa mezani, linaweza kuangaliwa. Kuko wenye elimu waliomlaumu sana Nathan kwamba anamfungia mtu katika desturi za kwao, kama vile Mwafrika hana kichwa kingine. Sisi tunaona lawama hiyo iko na ukweli: kijana aliyekulia mjini Lubumbashi akisikiliza muziki na kusoma Kifaransa si babu yake. Mwanafunzi wa Nathan, Marie Rose Moro, yeye mwenyewe mtoto wa wahamiaji wa Hispania, aliendeleza kazi hiyo Bobigny na Paris kwa ukali mdogo, na anashughulika zaidi na watoto wanaozaliwa katikati ya lugha mbili.

Na watoto njo jambo ambalo wanafunzi wanapashwa kulisoma mara mbili. Watoto wanajifunza lugha ya ugeni haraka kupita wazazi. Baada ya mwaka mmoja mtoto wa miaka 12 anakwenda na mama hospitalini kutafsiri. Inaonekana ni msaada mzuri. Lakini mama ataelezaje mbele ya mtoto wake mambo yaliyompata njiani, katika vita, mikononi mwa askari? Atanyamaza, ao atasema "tumbo". Na kama akisema, mtoto ndiye atakayeyabeba maneno hayo kinywani mwake na kulala nayo. Tena nyumbani mambo yanapinduka: mtoto anasoma barua za serikali, mtoto anajibu simu, baba anangoja kuambiwa. Kwa sababu hiyo wale wanaofanya terapia vizuri wanakataa kumtumia mtoto kama mtafsiri. Wanamleta mtu mkubwa aliyefundishwa, aliyeapa kutunza siri. Kiswahili chetu, mnachokiona hapa kuwa kitu cha kila siku, kimekuwa kazi yenye mshahara huko Marekani, kwa sababu wakimbizi wengi wa Kongo walipelekwa kule katika miaka ya 2010 na baadaye, mpaka serikali ya kule iliposimamisha mpango wa kupokea wakimbizi mwezi wa Januari 2025.

Tusifikiri kwamba mambo haya yanawezekana Ulaya tu. Kusini-magharibi ya Uganda kuko kambi ya Nakivale, ambako leo Wakongomani ni wengi kupita wakimbizi wengine. Wenye elimu wa chuo kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walifika huko wakafundisha wakimbizi wenyewe kutunza wenzao. Hawakuwa wanganga. Njia yao ni ya kueleza maisha, na ni rahisi kuiona kwa macho: wanatandika kamba chini, ndiyo maisha ya mtu tangu kuzaliwa. Mahali pa furaha anaweka ua, mahali pa mabaya anaweka jiwe. Kisha anaeleza habari zake kwa utaratibu, tangu mwanzo, na akifika penye jiwe hawaruki. Anayesikiliza anaandika. Siku nyingine anamsomea yale aliyosema, naye anasahihisha, anaongeza. Mwishoni anapewa maandiko yake mkononi: habari ya maisha yake, yenye mwanzo na yenye kufika leo.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Walikuwa wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, wote wenye ndoto mbaya na woga ulioachwa na vita. Miezi kadhaa baada ya matunzo, katika kila 100 waliofuata njia ya kamba karibu 70 walikuwa hawana tena ugonjwa huo. Katika kundi la pili, lililopata mazungumzo ya namna nyingine, walikuwa karibu 65. Katika kundi la tatu, lililoulizwa hali tu, 37. Angalieni vizuri hesabu hizi, maana kuna jambo ndani yake. Tofauti kati ya njia mbili za kwanza ni ndogo. Tofauti kubwa iko kati ya aliyepata mtu wa kumsikiliza na aliyeachwa. Na waliosikiliza walikuwa wakimbizi kama yeye, waliofundishwa kwa muda mfupi.

Vilevile katika kambi ya Rhino, kaskazini ya Uganda, wanawake wa Sudan ya Kusini walikusanyika katika vikundi mara tano kusikiliza mafundisho yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, pamoja na kitabu cha picha, ginsi ya kutuliza mwili na kutofukuzana na mawazo mabaya. Habari zake zilitoka mwaka 2020, na walipata nafuu kupita wale waliopata msaada mdogo wa kawaida. Si jambo la kustaajabu sana, lakini ni jambo la feza kidogo, na feza njo shida.

Lakini tuseme waziwazi pia mahali ambapo mazungumzo hayatoshi. Mtu wa msiba wa Ulysses, hata akilia, angali anataka kuishi, angali anauliza habari za watoto na za kazi. Akianza kusema kwamba afazali kufa, akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, akikataa chakula siku mingi, akishindwa hata kunawa, huyo apelekwe hospitali upesi, na vidonge akipewa avimeze. Maombi yaendelee, lakini yasimfungie mlango wa hospitali.

Na sisi tuliobaki? Kuko habari yetu pia. Kuko jamaa ambazo mtoto alipita njia ya Libya, simu ya mwisho ilitoka pwani, kisha kimya. Miaka inapita. Mama anakataa kufanya matanga, na majirani wanasema amekataa ukweli. Mwenye elimu mmoja wa Marekani, Pauline Boss, ameandika sana juu ya msiba wa namna hii, ambamo mtu hayuko wala hakuzikwa. Kitabu chake kinachojulikana zaidi kilitoka mwaka 1999. Anasema tusimlazimishe mtu kuufunga msiba huo, kwa sababu hauwezi kufungwa. Mama anaweza kushika maneno mawili kwa mara moja: pengine yuko hai, pengine hapana. Terapia yake ni kumsaidia kuishi na yote mawili, alime, apike, alee wale waliobaki, bila kusema kwamba yule amesahauliwa.

Kwa wale ambao simu yao ingali inapokelewa, tuko na shauri dogo la kazi. Hesabuni mara ngapi katika mazungumzo mnaomba feza mbele ya kuuliza alilala namna gani. Ndugu aliyeko Lille ao Louisville anajua kwamba masomo yanalipwa, anajua bei ya unga imepanda; hakuna haja ya kumkumbusha kila Jumapili. Muulizeni anakula wapi, na nani. Muulizeni kazi yake inaanza saa ngapi na anarudi na njia gani. Akisema "siko muzuri", musimjibu "vumilia, wewe uko Ulaya." Mwacheni amalize.

Katika benchi zetu pia kuko wenzetu waliofika katika miaka hii kutoka vijiji vya vita. Hawakuvuka bahari, lakini waliacha shamba, mbuzi, kaburi la babu, na wengine lugha ya nyumbani. Prefe wa nidhamu anaweza kuona mwanafunzi anayesinzia katika kalasi na kuandika "mvivu". Tunawaomba walimu wetu, kwa heshima yote, wamuulize kwanza analala wapi.

Wanaotaka kuandika habari ya ndugu aliyehama, ao yao wenyewe, waweke karatasi yao katika sanduku la gazeti mlangoni mwa maktaba. Majina hatutayaweka. Kiswahili ao Kifaransa, vyote tunapokea, na ile ya lugha ya nyumbani tutatafuta mtu mkubwa wa kuitafsiri.